Subaru turbo imeongezwa nguvu na klachi inateleza: ufunge ya genuine, ya oganiki nzito, ya seramiki au ya pleti mbili?

Gari limetoka kwa fundi wa remapu (kubadilisha programu ya kompyuta ya injini), na gia ya 1 na ya 2 zinavuta kuliko zilivyowahi kuvuta. Halafu unaingia barabara kuu, unaweka gia ya 4, unakanyaga mafuta ukiwa unapanda mlima. Busti (presha ya hewa ya turbo) inafika, sindano ya rpm inaruka kutoka 3,000 hadi 3,600, na spidi haisogei. Ukizidi kukanyaga, harufu kali kama ya breki iliyoungua inaingia ndani. Klachi inateleza, na sasa unatafuta ya kufunga badala yake.

Tunazungumzia Impreza WRX na Forester za turbo zenye injini ya EJ20 na giaboksi ya gia 5 ya manuali, zile zilizoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani. Kanuni yenyewe inafaa gari lolote la manuali, hata pikapu ya dizeli iliyochipiwa, lakini vipimo na majina ya vipuri hapa ni vya Subaru hizo.

Torki, si farasi

Mtu akiuliza klachi huwa anataja farasi: "Gari langu sasa lina 300." Klachi haihesabu farasi. Inachobeba ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na torki kubwa ya turbo huja rpm ya chini, si kule juu farasi zinakopimwa. WRX ya GDA (namba ya modeli) ya soko la Japani ilitoka kiwandani na PS 250, yaani farasi, na Nm 333 za torki (nyutoni mita). Forester XT ya SG5 ilitoka na PS 220 na Nm 309. Remapu inayopandisha busti kwenye turbo ileile inaweza kuifikisha WRX hiyo karibu Nm 400. Wakati mwingine farasi zinaongezeka kidogo tu huku torki ya rpm 3,000 ikipaa, na mwenye gari anashangaa klachi imekufa kwa "remapu ndogo".

Dalili huanzia gia za juu kwa sababu mbili. Kwenye gia ya 1 na ya 2 injini hupanda rpm haraka mno. Sehemu ya torki yake huliwa na kazi ya kuzungusha krankshafti na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hubanwa juu yake) zenyewe, na turbo haipati muda wa kujaa. Kwenye gia ya 4 au ya 5 rpm hupanda polepole, turbo hujaa mapema, na karibu torki yote inapita kwenye klachi. Ndiyo maana mtu huzunguka mjini wiki nzima bila kuona kitu, kisha siku ya safari ya Naivasha au Morogoro klachi inaachia.

Uwezo wa klachi ni zao la vitu vinne: nguvu ya kubana ya presha pleti (chuma chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili), kiwango cha msuguano wa pleti (duara lenye uso wa kusugua), wastani wa nusu kipenyo cha eneo linaloshika, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Chukua pleti ya mm 230 kwa nje na mm 155 kwa ndani. Wastani wa nusu kipenyo chake ni mm 96. Ina nyuso 2. Weka msuguano wa 0.28, ambao ni wa kawaida kwa oganiki (tabaka la nyuzi na gundi, kama la klachi ya kiwandani), na presha pleti inayobana kwa nyutoni 7,000. Unapata 2 × 0.28 × 7,000 × 0.096, yaani Nm 376. Gari la Nm 333 linakaa hapo vizuri. La Nm 400 halikai.

Ukitazama hesabu hiyo, njia za kuongeza uwezo ni tatu tu bila kubadilisha kipenyo: bana zaidi, weka kitu chenye msuguano mkali zaidi, au ongeza nyuso. Kila klachi ya sokoni, iwe na stika ya rangi gani, inatumia mojawapo au mbili kati ya hizo. Neno "steji" lililoandikwa kwenye boksi halina kipimo cha pamoja: steji 1 ya kampuni hii inaweza kubeba zaidi ya steji 2 ya kampuni ile. Mwulize muuzaji Nm ngapi. Kama hawezi kujibu, boksi lirudi kwenye rafu.

Kwanza hakikisha klachi ndiyo iliyoshindwa

Kabla ya kutoa pesa, kuna mambo mawili yanayofanana kabisa na klachi iliyozidiwa torki.

La kwanza ni oili. EJ20 huvuja nyuma: kwenye sili ya krankshafti, na kwenye kile kifuniko kidogo cha kitenganishi cha mvuke wa oili, hasa kilichokuwa cha plastiki. Oili hiyo inadondokea ndani ya kengele ya giaboksi (kava linalofunika klachi) na kulowesha pleti. Sili ya shafti ya kuingilia giaboksi nayo hufanya hivyo, ila harufu yake ni ya gia oili. Ukifunga klachi ya bei mbaya juu ya uvujaji huo, itateleza kama ile ya zamani.

La pili ni haidroliki, yaani mafuta yanayopeleka nguvu ya pedali kutoka silinda kuu iliyo kwenye pedali hadi silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi. Kijiti cha pedali kikirekebishwa kirefu mno, pistoni ya silinda kuu hairudi mwisho na kile kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto kwenye foleni yanatanuka, hayana pa kwenda, na yanaanza kuikanyaga klachi yenyewe kidogokidogo. Alama yake ni kwamba asubuhi gari ni zima na jioni linateleza. Likiwa linateleza, simamisha, zima injini, fungua nipo (skrubu ya kutolea hewa) ya silinda ndogo kwa nusu mzunguko. Mafuta yakiruka kwa presha bila mtu kugusa pedali, ugonjwa uko hapo. Pedali iwe na uchezaji wa milimita chache juu kabla ya kijiti kugusa pistoni.

Baada ya hayo ndipo ufanye jaribio: barabara iliyo wazi, gia ya 4, karibu rpm 2,500, ambayo kwa WRX ni kama 70 km/h, kisha kanyaga mafuta yote na kutazama rpm na spidi zikipanda pamoja au rpm ikikimbia peke yake. Mara mbili zinatosha. Kila mtelezo mrefu unachoma uso wa pleti na wa flaiwili, na ukirudia kumi unaharibu hata kile ambacho kingeweza kutumika tena.

Ya genuine mpya, na remapu iliyopunguzwa kidogo

Njia hii hudharauliwa, lakini kwa gari la kila siku ndiyo tungeianza kuifikiria. Klachi ya kiwandani huja na akiba juu ya torki ya injini. Mara nyingi inayoteleza baada ya remapu si mpya: imetembea km 120,000 Japani na nyingine 60,000 huku, na ilikuwa ukingoni hata kabla ya laptopu kuchomekwa. Springi ya presha pleti ina tabia ya kubana zaidi kidogo pleti inapoanza kuisha, halafu nguvu hiyo inashuka kwa kasi pleti inapokaribia ribiti. Kwa hiyo klachi nzee huonekana nzima, kisha inaanguka ghafla.

Kit mpya ya kiwango cha kiwandani, kama ya kampuni ya Exedy, pamoja na kumwambia fundi wa remapu ashushe busti kati ya rpm 2,500 na 3,800, humaliza kazi kwa gari lisilozidi torki ya awali kwa asilimia 10 hivi. Unabakiza farasi za juu karibu zote, maana kule torki imeshapungua yenyewe. Unachopoteza ni ule msukumo wa ghafla wa katikati, ambao ndio hasa unaoua klachi na meno ya gia. Pedali inabaki laini, gari linaondoka taratibu, mtu yeyote nyumbani anaweza kuliendesha.

Inaposhindwa: torki ikifika Nm 400, au gari likivuta trela, au ukipanda milima mirefu na mzigo. Joto la oganiki likipita kiasi cha nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi msuguano hushuka, na ikishateleza mara moja kwa moto inang'aa kama kioo.

Na usikubali pleti iliyovikwa upya mtaani. Kwa gari la kawaida linalokwenda polepole watu huishi nayo. Kwa EJ20 inayozunguka rpm 7,000 tabaka lililobandikwa vibaya linaweza kupasuka na kurushwa, na vipande vyake huchana kengele ya giaboksi. Presha pleti ya mtumba nayo si ya kubahatisha, kwa sababu springi iliyochoka huwezi kuiona kwa macho.

Oganiki yenye presha pleti nzito

Hapa pleti ni ileile ya oganiki, au iliyochanganywa nyuzi za kevla, lakini presha pleti inabana zaidi. Chukua hesabu yetu, ongeza asilimia 25 kwenye kubana: nyutoni 8,750, uwezo unakuwa Nm 470. Kwa WRX ya Nm 400 hiyo ni akiba ya asilimia 17, na akiba ya asilimia 15 hadi 25 ndiyo tunayoiona sawa. Chini ya hapo joto na kuchakaa vitakukuta mapema. Juu ya hapo unalipia uzito wa mguu bure.

Uondokaji wa gari unabaki laini karibu kama wa genuine. Gharama yake iko kwenye pedali na kwa kila kitu kilicho kati ya mguu na presha pleti. Silinda kuu iliyochoka, ambayo ilivumilia klachi laini, itaanza kuvuja ndani kwa ndani. Mpira wa mafuta unatanuka, klachi haiachii vizuri, gia ya 1 na rivasi zinakwaruza. Uma wa klachi wa Subaru (mkono unaosogeza beringi ya kuachia klachi) hupata ufa, na weldi za bracketi ya pedali nazo huachia. Nunua uma mpya na beringi mpya pamoja na kit, usirudishe za zamani. Jingine ni thrasti beringi ya krankshafti: kila ukikanyaga klachi unaisukuma au kuivuta krankshafti kwa nguvu ile nzito. Usikae kwenye taa ukiwa umekanyaga. Weka nyutro, toa mguu.

Kevla safi ya uso mzima huteleza laini na hukaa muda mrefu, ila inataka kulainishwa (kuendeshwa taratibu ili nyuso zizoeane) kwa km nyingi kuliko oganiki, zaidi ya 1,000. Ikiungua mara moja ndani ya kipindi hicho hairudi tena. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Mombasa Road au ya Ubungo kila jioni, hatuipendekezi.

Seramiki ya vipande

Hii ni pleti yenye vipande 3, 4 au 6 vya unga wa metali na seramiki badala ya duara kamili. Msuguano wake ni mkubwa. Weka 0.38 kwenye hesabu na presha pleti ileile ya nyutoni 7,000: karibu Nm 510, na pedali inabaki nyepesi. Joto hailiogopi. Kwa karatasi inashinda zote kwa bei yake, na ndiyo maana inauzwa sana kwa watu wasiostahili kuuziwa.

Tatizo ni kwamba inashika kwa mkupuo. Hakuna ile hatua ndefu ya kuteleza kidogo ambayo hukuruhusu kuondoka na kuweka gari sawa kwenye foleni ya kupanda mlima. Gari hutetemeka, hukatika, au huruka. Dereva anaanza kuongeza rpm ili lisizime, na hapo anachoma kile alichonunua. Ukubali pia kwamba uso wa flaiwili utaliwa haraka kuliko kwa oganiki.

Jambo kubwa zaidi liko nyuma ya klachi. Giaboksi ya gia 5 ya Subaru haina sifa ya kuvumilia mshtuko. Gia ya 2, ya 3 na ya 4 ndizo hupoteza meno. Klachi inayoteleza kidogo pale unapoachia pedali ghafla hufanya kazi ya fyuzi: inameza mshtuko kabla haujafika kwenye meno. Ukiweka seramiki umetoa fyuzi na kufunga waya. Torki ileile ambayo ingetoa harufu sasa inavunja jino, na giaboksi ni ghali kuliko klachi.

Kama kweli unaihitaji, kwa gari la mashindano au la torki ya Nm 450 na kuendelea, chukua ya vipande 6 yenye springi katikati. Isiyo na springi iache kwa gari lisilotembea mjini kabisa. Hizo springi nne au sita zilizo kwenye kitovu cha pleti ndizo hutuliza mtikisiko wa injini kabla haujaingia kwenye giaboksi. Zikitolewa, giaboksi hupiga kelele kama mfuko wa misumari gari likiwa nyutro.

Pleti mbili

Nyuso zinakuwa 4. Hata pleti zikiwa ndogo zaidi, tuseme nusu kipenyo cha wastani ni mm 83, na oganiki ya 0.28, na kubana kulekule kwa nyutoni 7,000, unapata Nm 650. Pedali ya mtu wa kawaida, uwezo wa gari la mashindano. Kwa ubora wa kazi hakuna inayoifikia.

Lakini kwa giaboksi ya gia 5 ni kama kumfunga punda magurudumu ya lori: mwenye torki ya Nm 600 anahitaji kwanza giaboksi ya gia 6 ya STI (Impreza ya nguvu zaidi) au meno yaliyoimarishwa. Bei yake ni mara kadhaa ya kit ya oganiki, huja na flaiwili yake, na vipuri vya ndani vinaagizwa nje, wiki kadhaa gari likiwa juu ya mawe. Chuma cha katikati huweza kugongagonga ukikanyaga pedali, na hiyo ni kawaida yake. Kwa gari la remapu tu, tunakushauri uisahau.

Flaiwili: usiipunguze kwa sababu umeambiwa

Flaiwili nyepesi haiongezi uwezo wa klachi hata Nm moja. Inafanya rpm zipande na kushuka haraka, na inafanya gari kuzima kirahisi unapoondoka. Ikifungwa pamoja na seramiki, hizo mbili zinachosha. Kwa gari la barabarani bakiza ya kiwandani, ipelekwe kwa fundi wa mashine aipitishe usawa. Madoa ya buluu yanaweza kutolewa, lakini nyufa zinazoshika ukucha maana yake ni flaiwili mpya. Kupigwa msasa kwa grainda ya mkono kunaacha mawimbi, na klachi mpya itatetemeka kuanzia siku ya kwanza.

Unapoagiza na unapofunga

Impreza turbo za gia 5 hadi karibu 2005 zina klachi ya kuvutwa: uma unavuta beringi kuelekea giaboksi. Zilizofuata zina ya kusukumwa. Haziingiliani. Ya gia 6 ya STI ni mm 240 na haiingii kwenye flaiwili ya mm 230. Piga picha uma na beringi kabla ya kulipia.

Kwenye ile ya kuvutwa, beringi imenasa kwenye presha pleti. Fundi asiyejua huvuta injini kwa nguvu hadi kitu kivunjike. Kuna kizibo upande wa kengele ya giaboksi, kinafunguliwa kwa alen ya mm 10. Ndani yake kuna pini ya uma; ingiza boliti ya M6, vuta pini itoke, uma unalegea, ndipo injini na giaboksi zinaachana.

Boliti za flaiwili ni 8, zikazwe kwa Nm 72. Za presha pleti ni Nm 16 tu, zikazwe kwa mkingamo na kidogokidogo, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Badilisha sili ya krankshafti, kifuniko cha kitenganishi kiwe cha chuma, na ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Grisi kwenye meno ya shafti iwe filamu nyembamba. Pitisha pleti mara mbili, itoe, ufute iliyosukumwa nje. Upande wa kitovu uliotokeza na springi zake uelekee giaboksi. Uso wa flaiwili na wa presha pleti uoshwe kwa dawa ya breki, kwa sababu presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu na mtu akisahau kuyaosha, pleti imeshalowa kabla gari halijawashwa.

Kisha km 800 za mjini: kuondoka, kubadilisha gia, kusimama, bila kukanyaga mafuta yote na bila busti kamili. Km 800 za barabara kuu kwenye gia ya 5 hazihesabiki, kwa kuwa klachi haikufanya kazi yoyote. Zikitimia, rudia jaribio lile la gia ya 4 kwa rpm 2,500. Ikiteleza bado, usishushe giaboksi kabla ya kupima tena uchezaji wa kijiti cha pedali. Baada ya kufunga silinda au presha pleti mpya, hapo ndipo kosa hukutwa mara nyingi.